Nilivyokwenda Masukulu Kujifunza Foleni

Niliondoka Tukuyu kwa sababu ya mikoba. Nina saluni ya kusuka karibu na soko, na Jumamosi ile nilitoka mara moja kununua sabuni, niliporudi nikakuta mikoba kumi na mmoja imekaa vitini na watu wawili wamesimama. Wenye mikoba walikuwa sokoni wananunua ndizi. Ndiyo ilikuwa desturi yao: mtu anaweka mkoba, anasema "nimewahi", anaondoka, anarudi baada ya saa tatu kudai zamu. Kufika saa sita walikuwa wameshavuana vilemba, na bibi harusi mmoja akaondoka nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima.

Jioni msusi wangu, Tusajigwe, alinisemesha kwa upole. Upole wa Tusa ndio wa kuogopa.

"Mama Ipyana, Jumamosi nyingine kama hii, mimi nahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Wameshaniita."

Bila vidole vya Tusa sina saluni, nina chumba chenye vioo. Mimi mwenyewe nikimsuka mtu, anajifunga kitambaa kabla hajafika mlangoni. Kwa hiyo mteja mmoja aliponiambia kwamba Masukulu kuna mashine ya kusaga ambako watu hawagombani hata siku za mvua, nilisema nitakwenda nikaone kwa macho yangu. Majirani walinicheka sana. Mwenye saluni anakwenda kusoma kwenye unga!

Alhamisi, saa moja asubuhi. Kabla ya kuondoka nilimpigia wifi yangu kuuliza baba mkwe yuko wapi. Sisi Wanyakyusa tuna mila kwamba mwanamke na baba mkwe wake hawatazamani, hawasemezani wala hawakai mahali pamoja. Vijana wengi wameiacha, wapo hata wanaopiga picha na wakwe zao, lakini ukoo wa mume wangu umeishika kwa mikono miwili, na Mzee Ambakisye anaishi hukohuko Masukulu. Wifi akanituliza: Mzee yuko Lufingo, amekwenda kuangalia ng'ombe, harudi leo. Nikapanda bodaboda roho kwatu.

Njiani mvua ilitunyeshea bila huruma. Dereva alikuwa na koti la mvua, na mimi alinivika mfuko wa mbolea alioutoboa matundu matatu. Tulipita mashamba ya chai, kisha migomba, kisha migomba tena, huku tukiteremka na joto likipanda. Kwenye daraja moja la magogo tulikuta pikipiki mbili zimetazamana katikati, kila dereva anasema yeye ndiye aliyewahi. Tulisimama hapo nusu saa. Nilianza kuamini kwamba foleni zimenifuata.

Saa nne na nusu nilifika. Mashine iko ndani ya kibanda cha mabati, na mwenyewe ni Mama Hadija, mama wa biashara, ushungi wake mweupe kwa unga na sauti yake kubwa kuliko injini. Nje palikuwa na ubao mrefu, na juu ya ubao madebe ya mahindi yamejipanga. Kina mama wenyewe walikuwa wamekaa barazani wanamenya maharage na kucheka. Walikuwa sita, wote wake za shemeji zangu, wakanipokea kwa vigelegele.

Nikamuuliza Mama Hadija siri yake ni nini.

"Siri gani, mwanangu? Mtu apumzike, debe ndilo lipange foleni. Likisagwa moja, mengine yanasogea."

"Hata kwangu mikoba inapanga foleni, na watu wanapigana."

"Mkoba una nini ndani? Mkoba haukuambii chochote. Debe nikiliona najua lina kazi ya muda gani." Akanionyesha mstari wa chaki kwenye ubao. "Injini yangu hii inasaga madebe kumi, halafu lazima ipoe. Debe lako likivuka chaki, nakwambia hapohapo: nenda kapalilie, rudi saa nane. Simdanganyi mtu kukaa."

Nilikuwa nafungua mdomo kuuliza la pili nikaona baraza imekuwa tupu. Wale sita walikuwa wametoweka kwenye migomba. Nikageuka. Njiani, na kimfuko cha mahindi kisichojaza hata bakuli, anakuja baba mkwe wangu.

Migomba ilikuwa mbali. Magunia ya pumba yalikuwa karibu. Nikajitupa nyuma yake kifudifudi, mtu mzima na heshima zangu.

"Mama Hadija," nikamsikia Mzee, "naona leo sina mtu mbele yangu."

"Una madebe sita mbele yako, Mzee."

"Wenyewe mbona hawapo?"

"Wenyewe wamekimbia. Debe halina mkwe, Mzee, limebaki."

Baadaye ndipo nilipoelezwa. Zamani watu walikuwa wanasimama foleni kwa miguu yao. Mzee ana wana saba, wote wameoa. Akitokea tu, wakweze wanatawanyika na yeye anakuwa wa kwanza. Alipogundua hilo akawa anakuja kila siku na mahindi ya kikombe kimoja, kwa raha tu ya kuwa wa kwanza. Ndipo Mama Hadija akaleta ubao.

Mzee akaketi, akaigeukia nguzo ya kibanda.

"We nguzo," alisema kwa sauti ya mzee wa kanisa, "nasikia mke wa mwanangu wa mjini yuko nyuma ya pumba. Mimi nimegeuka, sioni. Msalimie, mwambie ugonile. Mwambie ng'ombe wa Lufingo alikuwa anachechemea, ndiyo maana nimeludi kuchukua dawa."

"Nguzo," nikajibu chini kwa chini, "mwambie Baba, ndaga fijo, nashukuru sana. Mwambie watoto hawajambo. Na mwambie pumba zinaniingia puani."

Nguzo ilifikisha salamu zote. Kisha nikapiga chafya, vumbi likapanda mpaka darini, na Mzee akaiambia nguzo, "Mwambie, afya."

Nilikaa pale saa nzima, mpaka unga wake ulipotoka. Nilikuwa naona miguu na madebe tu. Watu waliingia, wakaweka debe, wakatazama chaki, wakaenda zao au wakaketi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza zamu yake ni lini, kwa sababu ubao ulikuwa umeshamjibu. Nilikuwa nimelaliwa na pumba, nawashwa mwili mzima, na nilifurahi kama mjinga.

Saa kumi jioni nilikuwa Tukuyu, nywele zimejaa pumba. Dereva alicheka njia nzima, sikumlaumu.

Jumamosi, saa mbili asubuhi. Niliweka ubao mlangoni. Mteja akiingia anaweka pakiti zake za rasta za kusukia: pakiti mbili ni kazi fupi, pakiti sita ni kazi ndefu, kila mtu anaona. Nikapiga chaki pale vidole vya Tusa vinapochokea kabla ya chakula. Saa tatu alikuja mke wa mkubwa mmoja, akatua mkoba wake kitini na kusema amewahi.

"Mkoba hausukwi, mama," Tusa alimwambia. "Leta rasta." Alipoziweka zikavuka chaki. "Rudi saa tisa."

Alinuna mpaka barabarani. Saa tisa alirudi, akakuta kiti kinamsubiri, akakaa.

Kabla ya hapo, saa saba, nilimwona Tusa ameketi na sahani ya wali na maharage, wali unatoa mvuke. Alikula taratibu, akasimamisha kijiko.

"Mama Ipyana, miaka minne hapa, leo ndiyo nakula cha moto."

Nikaona aibu. Nilidhani wateja wanagombania viti, kumbe walikuwa wanagombania kujua, na mimi sikuwahi kumwambia mtu ukweli: wewe leo mchana, wewe jioni, wewe kesho. Nilikuwa napokea kila kichwa na kumtupia Tusa.

"Wale wa ng'ambo uliwajibuje?" nikauliza.

"Niliwaambia wamevuka chaki, warudi saa tisa," akasema, akaendelea kula.