Tulimwonea Muhali Mwenye Majumba

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na wala haikuwa siku ya maana. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, nakaa kwa bibi yangu Miembeni, Unguja. Mtaani petu alikuwapo bwana mmoja mwenye duka la vitambaa, mtu mzito, akipita hata watoto wanaacha kupiga kelele. Siku hiyo akaniona nimebeba ndoo ya bibi, akaniita, "Abdalla! Hujambo Abdalla?"

Mimi jina langu Othman. Sasa utamwambiaje mtu mzima kama yule, mbele za watu, kwamba amekosea? Nikamwamkia, nikapokea. Basi tokea siku hiyo nikawa Abdalla. Abdalla nishikie hiki, Abdalla nipelekee kile. Mkewe akinipa maji, "Kunywa mwanangu Abdalla," na mimi nakunywa.

Ikafika siku yule bwana akawaambia jamaa zake wa kiwanda cha sabuni kwamba mtaani kwake kuna kijana mwenye adabu, anaitwa Abdalla, wamchukue kazi. Wakaja wakauliza kwa Abdalla ni wapi. Na Abdalla wa kweli alikuwapo, nyumba ya pili kutoka kwetu, mvivu ambaye jua likimfikia kitandani husogea kidogo tu akaendelea. Wakamchukua yeye. Akaajiriwa kwa adabu zangu mimi.

Bibi alipozipata khabari alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikamkatika, akanitazama. "Othman," akasema, "huo muhali wako usidhani ni adabu. Huo ni woga umevaa kanzu ya Ijumaa."

Nilikasirika nisile siku hiyo. Lakini nilipoona mchuzi ni wa pweza nikala.

Wajukuu zangu waliozaliwa huku Landani huniuliza, babu, muhali ni nini kwa Kingereza? Wanakisikia Kiswahili vizuri, ila kunijibu wananijibu kwa lugha yao. Mimi sijui. Kingereza changu ni cha jikoni, nimepikia wagonjwa hospitali mpaka nilipostaafu, najua kusema supu na najua kusema sogea. Lakini nawaeleza hivi: muhali ni pale moyo unasema sitaki na mdomo unasema ahsante. Mtu amekukanyaga kidole, unamwomba radhi wewe. Mjukuu wangu mmoja akaniambia, babu, mbona hivyo hata Waingereza wako hivyo. Kweli, lakini Mwingereza akishaomba radhi huenda nyumbani akaandika malalamiko. Sisi tukienda nyumbani tunalala.

Basi sikiliza, maana nakuletea kitu kilichotufika sisi wazee, na sikuletei kwa kukufurahisha.

Mke wangu alipofariki, watoto walinipeleka kwenye majumba ya wazee, baina ya Peckham na Lewisham. Si yale ya wagonjwa. Kila mtu ana flati yake, jiko lake, ufunguo wake. Katikati bustani yenye mabenchi, na chini ukumbi tunaokutana. Sisi tulikuwa wengi, Waunguja na Wapemba, na Wajamaika, na mzee mmoja wa Kiayalandi aliyekuwa akilalamikia harufu ya vitunguu vyetu halafu anateremka na sahani. Nasema kweli, sikujua kama mtu anaweza kupata mtaa tena uzeeni. Nikiumwa, mlango unagongwa kabla sijapiga simu. Mimi niliyekuwa nikikaa mwaka mzima sijui jina la jirani, nikawa najua nani halali usiku na nani anaficha sukari kwa daktari.

Aliyeyajenga majumba yale ni mtoto wetu. Mahfudh. Mamake tukimjua, alikuwa akisafisha maofisi huku huku Landani na yule mtoto kamkalisha kwenye ngazi na kitabu chake. Akakua, akawa anajenga, akatajirika utajiri ambao mimi sina maneno yake. Wenyewe kazi hiyo wanaiita developa. Sisi tukimwita Mwenye Majumba.

Na juu yake hatukuwa na neno moja. Ukitaka kutugombanisha, mtaje yeye kwenye benchi.

Hamadi, aliyekuwa dereva wa basi, alikuwa wake roho na mwili. "Mtoto wetu yule," husema. "Nani mwengine angewawekea wazee lifti?"

"Lifti!" Bi Rukia akamrukia. Bi Rukia ni Mpemba, mdogo kama kijiko, ulimi wake una makali ambayo sijapata kuona. "Lifti ile ina pumu, Hamadi. Ikipanda inakohoa. Na huyo mtoto wenu anatabasamu kama fundi meno, ukimwona ujue kinafuata kitu kinauma."

"Wivu huo, Bi Rukia."

"Wivu wa nini? Mimi na yeye tunagombea mume?"

Gloria, jirani yetu wa Kijamaika, alikuwa hafahamu Kiswahili ila jina la Mahfudh alikuwa akilifahamu. Yeye alikuwa na neno moja tu, na kila siku ni hilo hilo: huyu si mtoto wa mtu, ni mfanyabiashara, mkitaka kitu kwake mwulizeni kama mfanyabiashara. Sisi tukamcheka. Tukasema huyu hajui mambo yetu.

Mimi? Mimi nilikuwa upande wa yule aliyesema mwisho. Nisikufiche.

Asubuhi moja wakaja vijana wenye vizibao vya manjano, wakasimamisha vyombo vyao vya kupimia bustanini, wakapiga rangi kwenye majani. Bi Rukia akawashukia na bakora yake. Akamwuliza mmoja, mnapima nini? Kijana wa watu, hana hatia, akasema wanapimia mnara mpya wa maflati. Akaulizwa, sasa nyumba zetu? Akamtazama mwenzake. Akasema, "Hamjaambiwa?"

Neno hilo, mwanangu, lilipanda ngazi upesi kuliko lifti. Mpaka adhuhuri kila flati inalo. Wengine wakasema tunahamishwa kwa muda halafu tunarudi. Wengine wakasema haturudi. Wengine, Hamadi mmojawapo, wakasema haiwezekani, Mahfudh hawezi, mamake angefufuka. Na kweli hatukuwa tukijua. Kwa hivyo tukataka kujua jambo moja tu, nyumba zetu zinabaki au zinavunjwa, na zikivunjwa sisi tunarudi pamoja au ndiyo tumeagana.

Binti anayesimamia majumba akatuambia Mahfudh atakuja mwenyewe kutuamkia, kabla karatasi za mnara hazijamalizwa. Akakazia hapo, binti yule, Mungu amlipe: kabla hazijamalizwa. Kama mna la kusema, alisema, siku hiyo ndiyo siku.

Tukakaa ukumbini kupanga nani atauliza. Gloria akajitolea, akasema niachieni mimi, mimi siogopi mtu. Tukamwambia hapana, mama, tuachie sisi. Huyu ni wetu, tutamweleza kwa lugha yetu, kwa lugha yake hawezi kutukwepa. Akainua mabega, akakubali. Akatuamini. Hapo naona uchungu mpaka leo, maana na yeye flati yake ilikuwa humo humo.

Tukamchagua Bi Rukia. Nani mwengine? Alijizoeza mpaka tukachoka. Ukipita kwenye ngazi unamsikia ndani, "Wewe Mahfudh, usituletee mzaha! Nyumba zetu unazivunja, huzivunji?" Hata Hamadi akamwonea huruma tajiri. "Usimuue, Bi Rukia," akamwambia. "Mwulize tu."

Siku ikafika. Tumevaa vizuri, kofia zimepigwa pasi, akina mama wamejifukiza udi mpaka ukumbi unanukia harusi. Sijui kwa nini tulijipamba. Mtu unakwenda kumwuliza mwenzio kama anakutoa nyumbani kwako, unajitia udi.

Mahfudh akaingia peke yake. Kakonda. Mkononi ana boksi la halua, na si halua ya duka la hapa, imetoka kwetu, imo kwenye vikapu vyake vya ukindu. Hakwenda kwenye kiti tulichomwekea mbele. Alianza pembeni, akapita kwa kila mzee, anainama, anabusu mkono. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Kiswahili chake cha utotoni, cha mamake, kimevunjikavunjika lakini kitamu. Kwangu alisema, "Baba Othman, umenipikia wewe, unakumbuka?" Kweli, alipolazwa hospitali angali mtoto, nilimpelekea uji. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Moyo wangu ukayayuka pale pale, na nikaona mioyo ya wenzangu inayayuka vile vile, safu nzima, kama samli.

Akafika kwa Bi Rukia. Akapiga goti kabisa, na suti yake. Akaubusu mkono wake ndani na nje, akauweka juu ya kichwa chake. Akamwambia, "Mama Rukia, nimesikia mna neno na mimi. Niambie, mama."

Gloria akajisogeza mbele kwenye kiti chake, anangoja. Hajui Kiswahili lakini alijua zamu imefika.

Na Bi Rukia, yule aliyetaka kuua mtu, akainama kumtazama. Mkono wake bado uko juu ya kichwa cha yule mtu. Utamtukanaje mtu na mkono wako umo kichwani mwake, kama unambariki? Akasema, "Hatuna neno, mwanangu. Sisi tunakuombea dua tu."

Na sisi sote, mwanangu, wanaume wazima, watu tuliovuka bahari na kulala vituo vya polisi na kuvumilia baridi ya nchi hii, tukaitikia, "Amin."

Gloria akaniuliza kwa kunong'ona, amesema nini? Nikashindwa kumtafsiria.

Majumba yanavunjwa. Hatukuhamishwa pamoja wala hatukuambiwa tutarudi. Hamadi wamempeleka mji wa mbali kwa mwanawe, na mpaka anapanda gari alikuwa akisema Mahfudh atatuita. Bi Rukia yuko kwa binti yake, wanasema hazungumzi sana. Bi Rukia, hazungumzi! Gloria sijui aliko. Mimi nimepewa chumba ghorofa ya juu upande mwengine wa Lewisham, nawasikia majirani wakifungua milango, wanafunga, na simjui hata mmoja. Wajukuu wananiambia babu tupeleke malalamiko. Nawaambia pelekeni. Lakini nani atasema tulikatazwa kusema? Tuliulizwa. Tukajibu kwa vinywa vyetu.

Sasa nakunasihi, na nakunasihi nikiwa sina matumaini kwamba itanifaa mimi. Adabu haikatazi swali. Mheshimu mtu, mwamkie, pokea mkono wake, kula halua yake, kisha mwulize. Tena mwulize wakati bado yuko mbele yako, usingoje mpaka ubaki na mto wa kitandani ndiyo umwambie maneno yote. Akiwa mwema, swali halitamwudhi. Akiwa si mwema, kumwudhi si dhambi. Na watu wakikuamini useme kwa niaba yao, usiwauze kwa sababu umebusiwa mkono. Sisi tulidhani tunamsitiri mtoto wetu asiaibike. Tulimwachia atufanyie la aibu bila ya kuiona aibu yake.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya mwenye nacho. Akupe majirani, akuache nao mpaka uzeeni. Na wazee wako akujaalie ukitafsiri kilio chao cha usiku, maana hawatakwambia wanalia nini. Amin, na hii amin naitaka kweli.

Nimebakisha kukwambia alivyoondoka, nilikuwa sitaki kusema.

Bi Rukia alipokwisha kumwombea dua, Mahfudh hakuinuka mara moja. Alikaa pale pale chini, anatutazama uso kwa uso, kama mtu aliyekuja na jibu mfukoni na hajaulizwa. Akasema tena, polepole, "Hakuna kabisa? Leo nimekuja kusikiliza."

Hamadi akamsukumia sahani, "Kula, mwanangu, umekonda."

Akacheka kidogo. Akasimama, akapangusa goti la suti, akavaa koti lake. Akaufungua mlango wa ukumbi, akatoka, akaurudishia taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Hajarudi tena.