Orodha Iliyosafishwa

Meneja wetu pale Kasese alikuwa na msemo wake, na aliusema akiwa amesimama: biashara ya leo haiongozwi kwa macho, inaongozwa kwa data. Nilimwamini. Nilikuwa nimemaliza Senior Four, yaani kidato cha nne, nikiwa na miguu ya kupanda milima na mtoto wa miezi saba mgongoni. Mtoto hakuwa kwenye masharti ya kazi, na hakuna aliyeniuliza nitamweka wapi.

Kampuni ilinunua kahawa mbivu milimani juu ya Bwera na kuiuza ng'ambo kama kahawa isiyoharibu mazingira. Ili mnunuzi wa huko aamini, kila shamba lilipaswa kuonekana kwenye ramani. Nilishika tableti, nikatembea mpaka wa shamba kutoka kona hadi kona, na satelaiti ikachora mstari nilipopita. Mashamba yetu yameinama vibaya. Kuna kona nilizoshuka kwa makalio, mkono mmoja kwenye tableti, mwingine kwenye makalio ya mtoto.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake kumi na wanne niliowaandika kijijini kwetu. Misimu mitatu alifuata kila sharti. Hakupiga dawa. Alichimba mitaro ya kuzuia udongo, akapanda miti ya kivuli, akaacha nyasi imee kando ya kijito, mahali alipokuwa akilima maharage tangu niko mdogo. Kitu alichotaka kilikuwa kimoja: kuuza kahawa kwa jina lake mwenyewe, si la baba.

Ukurasa wa pili wa programu ulidai namba ya simu. Bila namba hausogei. Wanawake wengi hawakuwa na simu.

"Andika ya bwana yako," nilimwambia wa kwanza.

Alicheka mpaka akakohoa. "Ya bwana? Malipo yakiingia nitasikia kwa jirani! Andika yako, wewe ni mutoto wetu."

Nikaandika yangu. Mara kumi na nne. Nilijiona mjanja sana.

Mtu asiyekuwa wa kwetu lazima aelezwe jambo moja. Sisi Wakonzo jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Wasichana wote wanaozaliwa wa kwanza wana jina moja, wa pili wana lao, wa tatu lao. Hata majina ya kanisani, padri mmoja akibatiza kijiji kizima, yanajirudia. Hatuchanganyikiwi. Tunajua ni yupi kwa mlango wake na kwa watoto wake. Kompyuta haijui mlango wa mtu.

Siku ya kununua, mama aliteremka na magunia mawili ya kahawa nyekundu, safi, aliyoichambua punje kwa punje. Nilikuwa nimesimama pale pale kwenye mzani. Mpimaji alibofya, akabofya tena.

"Mama, wewe hauko."

"Mimi siko? Na huyu anayenuka jasho mbele yako ni nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mpimaji akanigeuzia kioo: majina matatu tu. Kumi na wanne walikuwa wamebaki watatu, na mama hakuwamo: jina kama lake lilikuwapo, lakini shamba lilikuwa la jirani. Kahawa mbivu haingoji. Isipomenywa siku hiyo inaanza kuchacha. Mama alibeba magunia yake akarudi nayo mlimani, gunia moja, kisha la pili, na hakunitazama.

Kesho yake nilikuwa Kasese kabla ofisi haijafunguliwa. Meneja alinikaribisha vizuri, akanionyesha kwenye skrini yake bila haya.

"Tumesafisha orodha. Jina moja, kijiji kimoja, namba moja ya simu, huyo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara nyingi. Mkaguzi anakuja Ijumaa, madam. Akikuta wakulima hewa, tunapoteza cheti cha mazingira."

"Wakulima hewa? Mmoja wao amenizaa!"

"Namba ni ya nani?"

Alijua ni ya nani.

"Umeona," akasema. "Mfumo haukukosea."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka yote. Nilimwambia mfumo wake umejua kupima mti wa kivuli kutoka angani lakini umeshindwa kumwona mwanamke aliyeupanda. Nilimwambia hataniondoa pale. Mtoto akaanza kulia, nikamnyonyesha juu ya kiti cha wageni, nikakaa. Saa mbili nzima. Mwishowe akasema: kila mmoja apigwe picha ya uso, awe na namba yake, na ziingie kabla ya Alhamisi saa sita mchana. "Saa sita nafunga. Hata anayebaki nje angekuwa wewe mwenyewe."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilirudi Bwera, nikaenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa ameanika kahawa ile na maganda yake, kahawa ya bei ya kutupa, anaigeuza kwa miguu.

"Kaa nikupige picha, tuanze na wewe."

"Hapana. Anza na wenzangu."

"Mama, muda hakuna!"

"Wale walikuamini kwa sababu uko mutoto yangu. Ukianza na mimi watasema nini kanisani? Mimi wa mwisho."

Nilibembeleza. Nilifoka. Aligeuza kahawa.

Basi nikapanda na kushuka. Laini za simu zilinunuliwa, nyingine ziliazimwa kwa mabinti, mume mmoja alinifukuza kwa panga akidai nawafundisha wanawake kiburi. Kufikia Jumatano jioni nilikuwa na tisa kati ya kumi na mmoja waliofutwa. Wa kumi alikuwa amevuka mpaka kwenda msiba upande wa Kongo.

Alhamisi asubuhi nilimrudia mama. "Huyo wa msibani atachelewa. Njoo wewe."

"Umempigia?"

"Yuko njiani."

"Basi mungoje."

Yule wa kumi alifika saa tano na nusu, miguu imejaa vumbi. Nikampiga picha barabarani, nikaandika namba yake, nikakimbia kupanda kwa mama, mtoto anagonga kidevu mgongoni kwangu. Mama alikuwa ameshavaa gauni la kanisa. Nikampiga picha. Pale kwake mtandao haushiki, lazima upande mpaka kwenye jiwe la juu. Nikapanda. Nilipobofya kutuma, maandishi yalikuwa yamegeuka kijivu, orodha imeshafungwa. Saa sita na dakika nne.

Nilimpigia meneja, hakupokea.

Ijumaa mkaguzi alikuja, akasifu mitaro ya mama yangu. Alisimama ndani yake, akapiga picha, akasema huu ndio mfano wa kuigwa. Cheti kilitoka. Wanawake kumi na watatu waliuza msimu ule kwa majina yao.

Mama aliuza kwa jina la baba.

Nilimwambia ni kiburi chake kilichomponza. Nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya mke wa kaka yangu. Mama alijifunga kanga vizuri.

"Wewe uliandika namba yako," akasema. "Ningeanza mimi, ni nani angekufungulia mlango tena?"

Akachukua jembe akaenda kuzibua mtaro, maana mvua ilikuwa imeanza.