Kiingereza cha Yolande

Yolande Mujinga alipoanza kumusomea mume wake vitabu vya chuo kikuu, hakujua Kiingereza. Alijua herufi tu. Kule Pweto, nchini Congo, alisoma mpaka darasa la sita, kwa Kifaransa na Kiswahili, na katika makazi ya wakimbizi karibu na Nchelenge, Zambia, alihudhuria masomo ya wanawake miezi minne hivi. Kwa hiyo alisoma Kiingereza kana kwamba kimeandikwa na Wafaransa. Neno knowledge alilitamka “kinoledje”. Constantin, mume wake, aliketi naye kwenye mukeka, kichwa kimeinama, akitafuta neno la kweli ndani ya lile alilosikia.

“Kinoledje,” alirudia. “Inaanza na herufi gani?”

“K, N, O.”

“Ah. Maarifa. Endelea, Mama Gloire.”

Constantin alikuwa mwalimu wa shule ya musingi kule Congo, na Kiingereza alikijua tangu sekondari. Ugonjwa ulimaliza macho yake kidogo kidogo, na mwaka 2017, walipokimbia vita na kuvuka mupaka upande wa Chienge, alikuwa anaona mwanga wa mulango tu. Mwaka uliofuata Gloire akazaliwa, na sura ya mutoto huyo Constantin anaijua kwa vidole. Katika makazi alifundisha watoto wa wakimbizi kwa kinywa na kwa kumbukumbu. Karatasi zake za Congo hazikukubaliwa Zambia, kwa hiyo hakuhesabiwa kuwa mwalimu. Ndiyo sababu aliomba shahada ya ualimu ya kusomea nyumbani.

Mwaka 2021 chuo kimoja cha mbali kilimukubali. Fomu iliuliza kama mwombaji ana ulemavu. Yolande aliandika kwa mukono wake: kipofu. Barua ya jibu ilikuja na stempu. Ilisema chuo kinakaribisha wanafunzi wote na kitatoa musaada unaofaa.

Telefone ya Constantin iliweza kusema. Ndugu mumoja wa kanisa alimufundisha kugusa kioo na kusikiliza sauti ikimusomea ujumbe. Siku vitabu vya muhula wa kwanza vilipoingia katika telefone, alivaa shati safi, akaketi nje, akafungua cha kwanza. Sauti ikasema: “Picha.” Akasogeza kidole. “Picha.” Kurasa mia moja na arobaini, na sauti haikuwa na neno lingine. Mutu fulani wa chuo alikuwa amepiga picha za kitabu cha zamani, kurasa zimepinda, kidole gumba chake kinaonekana pembeni.

Yolande aliichukua telefone, akaisogeza karibu na uso.

“Miye ninaona maneno,” alisema. “Lakini sijue inasema nini.”

“Soma tu. Kujua ni kazi yangu.”

Wakaanza hivyo. Asubuhi Yolande alienda kwa kinga, baiskeli yao, mpaka Kabuta, kando ya ziwa, kununua chisense, vile visamaki vidogo vilivyoanikwa juani, akarudi kuviuza katika soko la makazi. Saa kumi alikaa kwenye mukeka na kusoma mpaka jua linazama. Herufi zilikuwa ndogo. Koo lilikauka. Mara nyingine aliruka mustari bila kujua, na Constantin akasema, “Hapana, haiungani,” naye akarudi juu. Kisha mume akatamka majibu ya mazoezi, muke akayaandika katika telefone herufi moja moja. Jirani yao Matildah, mwanamuke wa hapa hapa ziwani ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuza samaki, alipita siku moja akasimama kusikiliza.

“Bana Gloire,” aliita, maana kwao ndivyo mama anavyoitwa, “hiyo munasali kwa luga gani?”

“Ni Kiingereza.”

Matildah alimaliza shule ya sekondari, kwa Kiingereza. Alisikiliza tena. “Basi ni cha kwenu,” alisema, akaenda zake.

Constantin alifaulu masomo yote ya mwaka wa kwanza, yaliyopimwa kwa mazoezi ya kuandikia nyumbani.

Mwaka wa pili ulikuja na kozi ya kufundisha watoto wenye ulemavu. Constantin aliingojea hiyo kuliko zote. Nayo ilikuwa picha. Alicheka kidogo, kidole kingali juu ya kioo. Waliisoma yote, wiki tisa.

Mutihani wa kozi hiyo ulifanyika katika mji wa Mansa. Chuo kiliandika kwamba mwanafunzi atapewa musomaji, na saa moja ya nyongeza. Yolande alimusindikiza. Musimamizi, mutu mupole aliyeitwa Rodwell, alieleza kwa Kiswahili kwamba muke hawezi kumusomea mume wake mutihani, na Yolande alielewa, maana hata yeye asingemwamini mutu na muke wake. Walimupa Constantin kijana wa biro, karani wa pale ofisini. Yolande aliketi kwenye baraza, karibu na dirisha.

Kijana alisoma haraka, mara moja. Yolande alimusikia Constantin akisema, “Samahani, rudia.” Kijana akarudia haraka vilevile. “Samahani, rudia tena.” Baadaye hakusikia tena samahani, akajua kwamba mume wake ameacha kuuliza. Karatasi za wanafunzi wote zilikusanywa pamoja, na ya Constantin pia. Yolande akaingia.

“Ba Rodwell, barua inasema ako na saa moja tena.”

Rodwell alifungua dosiye yake, akaitazama ukurasa kwa ukurasa. “Hapa kwangu hakuna barua kama hiyo, mama. Pengine iko kule chuo. Siwezi kuongeza saa kwa maneno ya kinywa.”

“Tuko nayo mu telefone.”

“Ninaiona. Lakini mimi haikunifikia.”

Ndani ya basi ya kurudi, karibu na Kashikishi, Constantin alimugeukia muke wake.

“Maswali mawili sikuyaelewa,” alisema. “Aliyasoma kama mutu anayekimbia mvua.”

Alipata thelathini na nane kwa mia. Alipaswa kuirudia kozi mwaka unaofuata.

Siku hiyo Yolande ndiye aliyepiga simu chuoni. Alipitishwa kwa watu watatu, mwisho akapokea Madame Misozi, aliyehusika na wanafunzi wenye ulemavu. Yolande alianza kwa Kiingereza chake, akakwama, akamupa Constantin telefone. Constantin aliiweka sauti nje ili wote wawili wasikie, na baada ya kila maneno machache akamutafsiria muke wake.

“Mwalimu, nitakuambia kweli,” Misozi alisema. “Katika hii biro niko peke yangu. Wanafunzi ni zaidi ya mia mbili. Kuna viziwi, kuna wa magongo, kuna wale ambao herufi zinawachezea machoni, na hao hakuna anayewaamini. Nimewaandikia walimu wasitume picha. Wananijibu kwamba ndivyo kitabu kilivyo.”

“Na mutihani?”

“Barua niliituma. Sijui ilikwama wapi. Hiyo kozi nitaichapa mwenyewe. Nipe muda.”

Hawakumwamini sana. Lakini baada ya wiki sita kitabu kilifika, maneno matupu, na makosa ya mutu aliyechapa akiwa amechoka. Constantin alikigusa, na telefone ikaanza kusoma, bila kuvuta pumzi, bila kikohozi. Yolande aliketi karibu naye kwa mazoea. Mikono yake haikuwa na kazi. Muda si muda alilala palepale kwenye mukeka, saa kumi na moja ya jioni, mudomo wazi. Sauti ya telefone ilimwamsha katikati ya sura ya tatu.

“Iko inasema mwalimu arudie polepole?” aliuliza. “Asimuharakishe mutoto?”

Constantin alisimamisha telefone. “Ndiyo, njo inasema vile. Umesikia?”

“Nimesikia.” Akageukia upande mwingine, akalala tena.

Kwa mutihani wa pili, Misozi mwenyewe alimupigia Rodwell simu, siku moja kabla. Safari hii saa ya nyongeza ilikuwepo. Constantin alipata sitini na moja.

Muhula uliofuata kulikuja vitabu vinne, vyote picha. Walimupigia Misozi, namba ililia bila kupokewa. Baada ya mwezi mutu mwingine alipokea, akasema Madame amehamishiwa idara ya malazi, na nafasi yake haijajazwa.

Yolande aliiweka telefone juu ya mukeka.

“Papa Gloire, miye nimechoka.”

“Ninajua. Niache masomo?”

“Sikusema uache. Nimesema nimechoka. Nitakusomea siku tatu kwa juma. Zile zingine utafute mutu.”

Miaka yote hiyo Constantin hakuwahi kuhesabu siku za muke wake. “Ni haki yako,” alisema.

Aliyepatikana alikuwa Matildah. Alikubali Jumanne na Alhamisi, akasoma vizuri, akatamka kila neno kama lilivyo, na wiki ya kwanza Constantin alimuomba mara kwa mara arudie, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamezoea Kiingereza cha Yolande.

Leo yuko mwaka wa tano, amebakiza kozi mbili. Mutihani ni mwezi wa sita. Ameomba musomaji na saa ya nyongeza kwa barua tatu, na hakuna iliyojibiwa. Yolande amezichapisha zote kwa mwenye mashini pale Nchelenge, nakala mbili mbili, na ameziweka katika mufuko wa plastiki pamoja na barua ile ya kwanza yenye stempu. Watatangulia kufika Mansa siku mbili kabla, ili Rodwell apate nafasi ya kuzisoma.