Msindikizaji wa Ukurasa wa Mwisho

Mimi na kompyuta hatukuwahi kuelewana. Nimeuza vitenge Koboko tangu ujana wangu, kitambaa nakijua kwa kukishika tu hata ukinifunga macho, lakini ukiniwekea kile kipanya mkononi natetemeka kama mwizi. Ndiyo maana watu walishangaa mwaka jana waliponiona kila Jumatatu nafunga duka, napanda gari ya Arua, naenda kukaa kwenye kibanda cha filamu kutazama gemu la mapanga. Dada yangu mmoja alisema nimepagawa. Mwache aseme. Yeye watoto wake wote wako hai.

Gemu lilikuwa la binti yangu. Alifundisha watoto wadogo huko Manibe, nje kidogo ya Arua, na chumba alipanga huko huko. Akitoka darasani anaingia kwa rafiki yake, msichana wa Sudan Kusini aliyekimbia vita na mama yake na hakurudi tena. Huyo rafiki ana kibanda mjini, chini ya Arua Hill, pale watu wanapeleka flashi na memori kadi kuwekewa filamu na nyimbo. Kompyuta ilikuwa yake, na wawili hao waliikalia mpaka macho yanawatoka maji. Mimi nilisema maneno yote mama anayoweza kusema: utaolewa lini, utacheza mpaka lini, hayo majoka yatakupa wajukuu wangu? Alinicheka tu.

Gemu lenyewe ni nchi ya milima na baridi, kuna ngome, wachawi, majoka, na wewe unatembea humo na upanga wako. Lakini binti yangu hakujali sana lilivyotoka kiwandani. Alichopenda ni vile watu walivyoliongezea. Watu wa kila mahali wanakaa nyumbani kwao wanatengeneza vipande vyao, vinaitwa modi, wanaviweka kwenye mtandao bure na wewe unavishusha. Huyu ameongeza kijiji, yule ameongeza mvua, mwingine ameongeza mtu wa kutembea nawe, kupigana kando yako na kuongea nawe njiani. Mtu huyo wao wawili walimwita msindikizaji. Na binti yangu, kwa ukaidi wake, wale wasindikizaji wanaopendwa na kila mtu aliwapita tu. "Hao wako na watu wao, Mama," aliniambia. "Mimi natafuta wale hakuna mutu anawataka." Alikuja nyumbani na habari zao kama za watu aliokutana nao sokoni: mzee anayelalamikia magoti, mbuzi anayebeba mizigo na kutukana wapita njia, mwanamke mnene anayekataa kupanda mlima kabla ya kula. Nilijifanya siwasikilizi. Yule mbuzi niliuliza habari zake mara nyingi.

Likizo moja alikuja Koboko akaniambia kuna mtu huko ng'ambo, hawajawahi kuonana, anatengeneza msindikizaji mwanamke na ametafuta sauti, na yeye amekubali kuitoa. Nikauliza atalipwa nini. Eti bure. Haya.

Mchana ule ule, jua la Koboko linawaka, akajifunika mablanketi mawili juu ya kitanda, yeye na simu yake, ili kelele isiingie. Mimi nikatumwa nje kunyamazisha kuku. Mimi, mama yake, kwenye nyumba yangu! Nikakaa mlangoni na fimbo namfukuza jogoo wa jirani, na ndani nasikia Kiingereza kinatoka chini ya blanketi. Baadaye akatokeza kichwa, ameloa jasho kama aliyetoka mtoni.

"Mama, mutu akipigwa mshale analia namna gani?"

"Mimi nitajuaje? Nani alinipiga mshale?"

"Sema tu, Mama. Yule mutu anataka vilio."

"Si atamwita mama yake! Hapa Koboko umesikia nani ameumia akaita mtu mwingine?"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akarudi chini ya blanketi. Vilio vyenyewe sikuvisikia, jogoo alikuwa amerudi.

Malaria ilimpanda kichwani msimu wa mvua. Simu ilinikuta dukani nimeshika mkasi. Barabara ya Arua si ndefu, lakini siku ile iligoma kuisha, na nilipofika walikuwa wamekwisha kumfunika. Nilimshika jirani yake wa Manibe, yule aliyekaa naye hadi mwisho, nikamuuliza kitu kimoja tu: aliniita? Akaangalia pembeni. "Alikuwa amelala tu, Mama. Hakusema kitu." Labda ni kweli. Labda alinihurumia. Swali hilo halijanishuka mpaka leo, naswali nalo, nalala nalo.

Tulimzika Koboko. Na kwetu, mtoto akifa hajaolewa, vitu vyake vya mkononi wanapewa wajomba, ndiyo heshima ya upande wa mama. Siku ya arobaini, baada ya dua na chakula, kaka yangu mkubwa, mkulima wa Ludara, akapewa simu. Kabla hata ya kuitumia akaipeleka kwa fundi, ikafutwa yote, ikabaki kama imetoka dukani. Alifanya kwa adabu, msimlaumu. Alikuwa ametuambia wote pale mkekani, "Simu ya marehemu hatuwezi kubeba na maneno yake ndani. Iko kama kuvaa shati yake bila kufua." Tukaitikia wote, na mimi nikaitikia. Si ndivyo tunavyofanya? Nguo tunafua, godoro tunaanika juani, chumba tunafagia.

Zikapita wiki, siku moja nikaamka na hamu ya kusikia sauti yake. Hamu kama ya maji. Simu yangu ni ya vibonyezo, haishiki sauti za watu, ila yake nilijua ilijaa: alijirekodi akiimba na watoto wa shule, akiniigiza mimi, akicheka. Pale mkekani kaka alisema maneno, mimi nikadhani ni meseji tu; nikaenda Ludara kwa miguu ya haraka. Nilimkuta kaka yangu kwenye mihogo. Nikamwambia nataka simu, nataka kumsikia mtoto wangu. Aliniangalia, jembe likamtoka mkononi, mwanaume mzima aliyelelewa kambini na baba yetu askari, ambaye sijawahi kuona chozi lake.

"Nimefua, dada," akasema. "Nimefua yote."

Tulilia sote wawili katikati ya mihogo, na jembe lake limelala chini.

Nikiwa njiani narudi ndipo nilipokumbuka blanketi. Ile sauti aliyoitoa chini ya blanketi haikubaki kwenye simu. Aliituma. Iko mahali. Jumatatu iliyofuata nikafunga duka nikaenda Arua, nikamkuta rafiki yake kibandani.

Alijua habari ya kurekodi. Asichojua ni msindikizaji yupi. Binti yangu alikuwa amesema ikikamilika atatuonyesha sote pamoja, mimi na yeye, na wakati huo modi ilikuwa bado haijatoka. Jina la yule mtu wa ng'ambo lilikuwa kwenye simu, nayo simu imefuliwa. "Mama," akaniambia taratibu, "wasindikizaji wako wengi sana. Wako kama mchanga." Nikamwambia basi tuanze kuuchota.

Ndivyo nilivyoanza kukaa kwenye kile kibanda. Yeye aliwashusha wasindikizaji wakati wateja ni wachache, na nikija Jumatatu ananifungulia mmoja mmoja. Anawasogelea, anawabonyeza waongee, mimi nafumba macho nasikiliza. Kiingereza chao sikifuati, lakini sauti ya mtoto haihitaji kamusi.

"Huyu?"

"Hapana. Huyu anaongea kama mtu anauza sumu ya panya na spika."

"Na huyu?"

"Huyu ana makamasi. Mpeleke kliniki."

"Malesh, pole, Mama. Tuendelee."

Tulicheka, sitadanganya. Yule mbuzi wa matusi tulimkuta, nikaomba tukae naye kidogo. Lakini wako ambao walininyima usingizi: wasindikizaji wasio na sauti. Mdomo unafunguka, unafunga, maneno yanaandikwa chini, na sikio halipati kitu. Rafiki yake alieleza kwamba mtengenezaji alikosa mtu wa kurekodi, au alichoka akaacha. Tulikuta pia kurasa ambazo mwenyewe ameziondoa, limebaki jina tupu. Kila nilipoona jina tupu, nilijiuliza kama ndilo lake.

Siku moja umeme umekatika, joto limejaa kibandani, akasema polepole labda ile modi haikumalizika kamwe. Nilimfokea. Nilimwambia maneno makali mbele ya wateja, kwamba yeye ni kijana na hajui kupoteza mtu. Akapangusa kioo cha kompyuta kwa kitambaa. Kisha akasema, bila hasira, "Mimi baba yangu hata picha hakuna, Mama." Umeme uliporudi akaendelea kutafuta. Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Ni yeye aliyeiona njia. Jumatatu moja nilipoingia tu akaniambia, "Mama, tunatafuta vibaya. Tunaanza na wale wa mbele. Yeye alikuwa hapendi wa mbele." Akaiambia kompyuta ianze mwishoni, kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, kwa wale ambao hakuna mtu amewashusha wala kuandika neno chini yao. Tukapanda juu kutoka huko. Kulikuwa na mvuvi kipofu, kulikuwa na mtoto wa mfalme asiye na miguu kwa sababu mtengenezaji wake alikosea kumchora. Halafu ikaja picha ya mwanamke mrefu mwenye mkuki na kilemba chekundu.

Akamshusha. Akaliwasha gemu. Mwanamke alikuwa ameketi peke yake kando ya moto kwenye nyumba ya wageni, ametugeuzia mgongo. Rafiki akasogea, akabonyeza. Mwanamke akageuka akasema maneno machache ya Kiingereza.

Alikuwa yeye.

Ile R yake nzito ya Koboko, ile kawaida yake ya kumaliza sentensi kama anataka kucheka. Rafiki yake aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi, nisamehewe, nilikitolea kioo salamu. "Asalaam aleikum, mwanangu," nikasema, na watu wenye flashi zao wakageuka kunitazama.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, umechelewa. Amesema, nimekungoja mpaka moto umekaribia kuzima."

Nikaomba tutembee naye. Tukatoka kwenye ile nyumba, tukashika barabara ya mlimani, yeye nyuma yetu na mkuki wake. Kila mara alisema neno, na rafiki alinitafsiria: kwamba baridi imezidi, kwamba daraja lile limechakaa, kwamba ana njaa. Alikuwa kila mara ana njaa, hata alipokuwa hai. Nilikuwa na furaha, wallahi, furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu mazishi.

Darajani wakatoka mbwa mwitu. Mmoja akamrukia. Na binti yangu akapiga kelele, si kwa Kiingereza:

"Mama! Mama yangu weee!"

Akaanguka magoti.

Sijui nilisimamaje. Stuli ilianguka nyuma yangu, mikono yangu iko juu ya kioo, napiga ukelele kibanda kizima kinasikia, "Niko hapa! Nimefika! Niko hapa, mwanangu, nimefika!" Mteja mmoja alikimbia nje. Rafiki alinishika mabega. "Mama, ngoja. Ngoja kidogo. Wasindikizaji hawafi. Angalia, atainuka."

Akainuka. Akaokota mkuki wake, akasema neno moja, akatangulia mbele. Rafiki alinitafsiria: "twende". Mimi nilikuwa sakafuni, na nililia pale mpaka yule mteja akaniletea maji.

Rafiki yake ana moyo mzuri. Wiki ile alitafuta modi nyingine, nayo ya kurasa za nyuma, inayoondoa wanyama wote wakali njiani. Jumatatu iliyofuata tukatembea naye mchana mzima, milima na mabonde, hakuna aliyemgusa. Alisema baridi, alisema daraja, alisema njaa. Tukapita daraja lile lile na hakupiga kelele. Nilishukuru, nikarudi Koboko. Ndani ya gari nikajikuta nasikiliza, nasikiliza, kama mtu aliyeacha mtoto ndani ya nyumba.

Jumatatu nyingine nilipofika, nilimwomba anirudishie mbwa mwitu. Mmoja tu, pale darajani.

"Mama, kwa nini? Ataumia tena."

"Anainuka," nikamwambia. "Umesema mwenyewe anainuka. Mimi nataka aniite. Safari hii niko karibu."

Alivuta stuli yangu ikasogea mpaka ikagusa meza, akangoja nikae, ndipo akaanza kutafuta.