Tumbo la Bihogo

Ainebyona alikuwa mbishi. Tuanze na hilo, maana siku hizi wapo wanaomsimulia kana kwamba alizaliwa mpole, amekunja mikono, anangoja kusifiwa. Upole gani? Alipokuwa kidato cha pili, katika shule moja ya bweni karibu na Nyaishozi, walimu walimjua kwa ubishi kabla hawajamjua kwa jina. Na ni ubishi huohuo uliomfanya aling'ang'anie somo la Sanaa wakati baba yake hataki hata kulisikia.

Baba yake, Mzee Kashaija wa Kaisho, ni mtu wa migomba na ng'ombe. Likizo moja alimsikia binti akiusifia udongo wanaouchimba bondeni Kiruruma, akaweka kikombe chini.

"Mimi nimekupeleka shule, wewe unachezea matope? Siku ya wazazi nitakuja nione kwa macho yangu. Nikikuta matope, unahamia Biashara, na maneno haya hatuyarudii."

Usimwone mkatili. Mzee alikuwa na uchungu wake. Mwaka ule homa ya ndigana ilimuua Bihogo, ng'ombe wake mwekundu mwenye pembe ndefu, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomkuza Ainebyona mama yake alipokuwa mgonjwa wa kitandani. Tangu hapo mzee alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba ili asipite mbele ya zizi. Binti aliliona hilo, likamuuma, na hapo akajua atafinyanga nini.

Mwalimu wa Sanaa, Abdulatifu, kijana wa ukoo wa wenye maduka, alimwelekeza vizuri kabisa. "Kwangua udongo wa ndani, tumbo libaki tupu kama chungu. Ukimjaza, unyevu utakosa pa kutokea, na moto utampasua."

"Ndiyo, mwalimu," Ainebyona akaitikia.

Ndiyo ya mdomoni! Ng'ombe mwenye tumbo tupu? Kwao Kaisho ukipitisha barabarani ng'ombe aliyebonyea ubavuni, majirani watakusema mpaka uhame. Leo Bihogo arudi kwa baba akiwa na njaa? Mwalimu alipogeukia meza nyingine, binti akamshindilia ng'ombe wake udongo mpaka mbavu zikatuna, akaziba, akalainisha kwa kitambaa chenye maji. Alimtazama alivyoshiba, roho yake ikatulia.

Basi wakachoma. Tanuri la matofali lilikuwa nyuma ya jiko la shule, na kazi za darasa zima zilikuwa humo: vyungu, bakuli, na chetezo ambacho Najat, mwenzao wa darasa, alikuwa amemfinyangia bibi yake achomee udi. Moto ulipokolea, wakasikia pu! Kisha vyombo vikaanza kugongana na kuvunjika humo ndani.

"Lahaula!" Mwalimu akashika kichwa.

Tanuri lilipopoa wakalifungua. Bihogo alikuwa vipande, na vipande vyake vilikuwa vimepiga karibu kila kitu. Ainebyona angeweza kunyamaza, maana nani angejua? Lakini alisimama mbele ya wenzake akasema, "Ni mimi. Nilimjaza." Akasimulia yote, na mambo ya baba yake akayasimulia.

Najat aliokota mguu wa chetezo chake, akauzungusha mkononi. Kila mtu alimngoja yeye.

"Yaani ng'ombe wako kavimbiwa," akasema, "halafu bibi yangu ndiye akose udi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Ainebyona naye akacheka, kisha akalia kwa kwikwi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kutukanwa. Mwalimu hakumchapa wala hakumtoa darasani. Alikwenda jikoni akaazima kinu. Vigae vikitwangwa, aliwaambia, vikachanganywa na udongo mbichi, udongo ule huuvumilia moto. Wakatwanga kwa zamu, wakiimba na kutaniana, hata wale ambao kazi zao zilipona. Kwa hiyo Bihogo wa pili alifinyangwa kwa vipande vya yule wa kwanza, na vya bakuli za watu, na vya chetezo cha Najat. Ainebyona hajawahi kulisahau hilo, na hapendi kuona mtu analisahau.

Safari hii alimkwangua tumbo, machozi yakimlengalenga, akamwachia tundu dogo chini ya kitovu. Ng'ombe akatoka motoni mzima, mwekundu kama Bihogo mwenyewe.

Siku ya wazazi Mzee Kashaija alifika na koti lake la kanisani. Mwalimu akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, lakini macho yalikuwa tayari mezani. Alisogea. Akagusa pembe moja, akaifuata taratibu mpaka nchani.

"Bihogo," akasema polepole.

Akamnyanyua, akamgeuza, akaliona tundu.

"Mbona tumbo tupu?"

"Nilimshibisha, baba. Akapasuka motoni. Ikabidi nimtoe udongo wa tumboni ndipo apone. Nisamehe."

Mzee akatoka nje na ng'ombe mkononi, watu wakimtazama, akachuchumaa pembeni ya ua wa shule. Akang'oa majani mabichi, akayakung'uta vumbi, akaanza kuyapenyeza kwenye lile tundu, kidogo kidogo, kwa kidole, mpaka tumbo likajaa. Kisha akasimama, akajifuta macho kwa mkono wa koti bila kumwonea mtu haya.

"Haya, kashiba," akamwambia binti yake. "Sasa niambie, ndama wake utamfinyanga lini?"

Mbishi wa watu hakubisha; akaenda kuloweka udongo.