Jumanne ya Macho ya Mama

Simu ile ningeitupa chooni, aki ya nani, ila namba za watu wote zimo humo.

Mama ana kisukari. Kila baada ya wiki nne, siku ya Jumanne, alikuwa akidungwa sindano ya macho hospitalini Meru mjini, na daktari alikuja Jumanne hiyo tu. Mimi niko ofisini Siakago. Mama anaishi Kangeta na mdogo wangu, mkulima wa miraa. Basi nikajifanya mjuaji. Nikaiandika sindano kwenye orodha ya kazi ya simu, ijirudie yenyewe na kuingia kwenye kalenda zetu, yangu na ya mdogo wangu. Mama nikamwambia kadi ya kliniki aiweke sandukuni, simu itakumbuka.

Sasa mdogo wangu haweki alama ya kwamba kazi imekwisha siku ile ile ya kazi. Marehemu baba alijaza daftari la shamba Jumapili baada ya kanisa, kazi za wiki nzima kwa mpigo, naye karithi hivyo hivyo. Mama alidungwa Jumanne. Mdogo wangu akaweka alama Jumapili. Na ile takataka ikahesabu wiki nne kuanzia Jumapili! Kalenda zikahama kimya kimya, Jumanne ikapita.

Jumapili simu ikalia, Jumatatu wakaenda. Wakaambiwa daktari alishakuja wiki iliyopita, warudi baada ya wiki tatu. Waliporudi, damu ilikuwa imevujia ndani ya jicho la kushoto. Halitaona tena.

Nilipanda Kangeta nimefura. Nilimfokea mdogo wangu mbele ya wanunuzi wake wa miraa, nikamwita mzembe. Alinijibu tu kwamba orodha niliitengeneza mimi. Nikaifungua nimwonyeshe ujinga wake, nikakuta mahali pa kuchagua: ihesabu kutoka tarehe iliyopangwa, au kutoka siku alama inapowekwa. Nilikuwa nimechagua la pili, kwa kidole changu hiki. Nikazidi kupiga kelele kwa aibu.

Mama alikuwa akichambua maharagwe, ungo ameuleta karibu na uso. Akaniambia ninyamaze.

"Jumanne ile niliijua. Nilioga, nikavaa, nikakaa hapo mlangoni hadi saa nne. Mdogo wako akaangalia simu, akasema bado. Nikajiambia, hawa watoto wamesoma. Nikavua viatu."