Siku Waliyomwimbia Mama Mkwe Akiwa Hai

Hii nitawaambia lakini msicheke sana, kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kuicheka, na hapa ploti yetu ya nyumba za kupanga, Kaptembwo, kuna watu mpaka leo nikifika pale kwa mfereji kuteka maji wananyamaza kwanza, wananiangalia, ndio waendelee na maneno yao.

Ilianza na usingizi. Kulikuwa kunanyesha, alamu ikalia nikaizima, nikajiambia dakika moja tu (mnajua vile hiyo dakika huwa), na kushtuka kumekucha kabisa, Neema wangu wa gredi ya kwanza amekaa kando ya kitanda na yunifomu, amejivalisha mwenyewe, sweta nyuma mbele, ananingoja. Nikamvuta mbio mpaka geti ya shule. Na kwa vile tulikuwa tumechelewa pia juzi na jana, mwalimu wake alikuwa amesimama hapo akitungoja.

"Mama Neema, leo tena? Huyu mtoto ndio anaanza kujua kusoma, na kila siku anapata wenzake wamemaliza."

Ningesema nimelala. Lakini mdomo ukasema, "Tumefiwa, mwalimu. Shosho yake."

Akanishika mkono, akaniambia pole, akaingiza mtoto. Mimi huyo nikarudi nyumbani nikijiona mjanja, na shosho mwenyewe, mama ya bwanangu, nikampata kwa kochi langu akinywa chai. Alikuwa ametoka Molo kuja kupasuliwa macho, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemfunika karibu kabisa, na hiyo nafasi ya hospitali alikuwa ameingojea mpaka akachoka. Jumatatu ndio alikuwa aingie.

Sasa, kwetu mtu akifiwa haachwi peke yake, na hilo ndilo nilisahau. Grupu ya wazazi kwa simu nilikuwa nimeitoa sauti kitambo kwa sababu ya kelele zao, kwa hivyo sikuona wakipanga. Jumamosi naanika nguo, nasikia wimbo wa matanga unakuja polepole kwa geti yetu. Wazazi wa darasa zima, wamebeba unga, sukari na majani ya chai, mwalimu mbele, na majirani nao wakatoka wakajiunga (mtu huimba kwanza, kuuliza ni baadaye).

Shosho alikuwa mlangoni akichambua maharagwe kwa vidole. Akasimama, akafunga kitambaa vizuri, akaimba nao kwa heshima mpaka wimbo ukaisha.

"Poleni sana, watu wangu," akasema. "Ni nani ametuacha?"

Mimi nimeshika shuka mbichi, maji yananiingia kwa viatu. Aliyemjibu ni Neema, akimshika sketi.

"Ni wewe, shosho. Mum aliambia ticha."

Waliondoka mmoja mmoja bila kuniangalia. Ule unga waliuacha hapo chini, kwa sababu hakuna aliyejua kama vitu vya matanga hurudishwa.

Shosho hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alianza kukunja nguo zake. Bwanangu akambembeleza, mimi nikapiga magoti nikalia, wapi.

"Nimeshaimbiwa," akasema. "Hata mimi mwenyewe nimejiimbia. Mtu kama huyo hawezi kwenda kulala chini ya kisu cha daktari."

Akarudi Molo, na nafasi yake ikapewa mtu mwingine. Sasa haoni kabisa, hushikwa mkono hata akienda choo.

Hiyo Jumatatu tulifika geti haijafunguliwa. Mwalimu alipokuja alingoja mtoto aingie, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungesema tu ulilala, Mama Neema. Hata mimi hulala."

Tangu hapo hatujachelewa, na siku nikichelewa nitasema nimelala, hata kama ni mbele ya shule nzima. Neema sasa anasoma vizuri. Jioni humpigia shosho simu amsomee kitabu, na akimaliza shosho humuuliza kama leo alifika mapema. Akiambiwa ndiyo, anamwambia asante, anakata. Mimi hajawahi kuniulizia.